Uso wa Mlimani

Baiskeli yetu ilikatikia mbele ya duka la vioo, mchana kweupe, watu wakitazama. Haikukatika cheni wala tairi halikupasuka. Ilikatika fremu yenyewe, pale chini ya kiti. Nikajikuta nimesimama katikati ya barabara nimeshika usukani, na nyuma yangu mama mkwe wangu amekaa chini, miguu ameinyoosha, mashati ya watu ameyainua juu kwa mikono miwili yasiguse vumbi. Hakuumia popote. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Shati la mwalimu limepona." Nilicheka mpaka nikashindwa kumwinua.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kisha nazipeleka mwenyewe, kwa sababu mteja ukimwachia azifuate atakuja siku anayotaka yeye, na kamba zangu hazina nafasi ya kusubiri mtu. Sasa, nguo iliyotoka kwenye pasi haitaki kufungwa kwa mpira kwenye keria kama gunia la mkaa. Inataka kulazwa. Ndiyo maana tangu mama mkwe alipohamia kwetu tulikuwa na mtindo wetu. Anakaa kwenye keria, miguu upande mmoja, namtandikia shuka safi mapajani, nguo nazipanga juu yake, naye anazishika njia nzima kana kwamba ni mtoto mchanga wa mtu mwingine. Dobi mwenzangu wa mtaa wa pili alikuwa akituona anashika tumbo kwa kicheko. Acha acheke. Nguo zake zilifika kwa wenyewe zina makunyanzi, zangu zilifika zimenyooka.

Lakini si kwa ajili ya nguo tu nilikuwa nampakia mama. Ilikuwa ni kwa ajili ya maneno.

Nyumbani sisi hatukuwa watu wa kuongea. Yeye mama mkwe, mimi mkwe, na heshima tele katikati. "Mama, chai tayari." "Asante, mwanangu." Imekwisha hiyo, mpaka wakati wa chakula. Nikimtazama usoni tu, ulimi unakuwa mzito, na ulimi wangu mimi si mzito hata kidogo. Muulize mtu yeyote aliyewahi kunidhulumu sabuni. Ila kwenye baiskeli mambo yalikuwa mengine. Mimi natazama barabara, yeye anatazama maduka yanavyopita, hakuna anayemwona mwenzake. Siku moja nikasikia sauti nyuma ya mgongo wangu: "Huyu mwenye duka la vioo anawauzia watu wote vioo, mwenyewe hajitazami. Tumbo limekua, shati halina habari." Nilicheka nikaingia mtaroni.

Tangu siku hiyo hatukunyamaza. Tuliwasema wateja wote kupitia nguo zao, nani kanenepa, nani anakula amelala, nani kaanza kujipulizia manukato ghafla na mkewe yuko safarini. Nilimlalamikia kwamba mwanawe anakoroma, akaniambia alianza kukoroma kabla ya kuota meno, kwa hiyo nisitafute wa kumlaumu. Alinisimulia kuhusu mtoto wake wa kwanza aliyefariki, jambo ambalo hata mume wangu hakulijua vizuri. Nami nikamweleza jinsi nilivyomzika mama yangu nikiwa bado binti mdogo, bila kumuaga. Hayo yote niliyasema nikiwa nakanyaga pedali, nimempa mgongo, machozi yakikaushwa na upepo. Mama wa kunizaa sikuwa naye tena, lakini kwenye keria ile nilikuwa na mama.

Basi siku fremu ilipokatika, tuliikokota baiskeli mpaka kwa fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Aliizunguka kama daktari anayezunguka kitanda cha mgonjwa ambaye familia yake bado haijaambiwa.

"Shemeji," akaniambia, "hapa nimeshachomelea, pale nimeshachomelea, na hapo katikati nimechomelea juu ya nilipochomelea. Chuma chenyewe kilishakwisha, kilichobaki ni kazi yangu. La kuvunda halina ubani."

"Jaribu mara ya mwisho," nikamwambia.

"Nikijaribu, safari ijayo atakayekaa chini barabarani ni wewe, na mama atakuwa juu yako."

Mama mkwe akaguna. Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye akiwa amebeba nguo mikononi, akipumzika kila penye kibaraza, kwa sababu magoti yake hayapendi safari.

Kuna jambo lingine lililonitia wasiwasi. Wifi yangu, binti yake mama, anaishi mji mwingine, kwenye nyumba yenye vigae hadi chooni. Tangu mama afanyiwe upasuaji wa macho, wifi alikuwa akipiga simu kila mara: mama aje kwangu, chumba chake kipo, daktari wa macho yuko jirani. Na kila mara mama alikuwa akimjibu vilevile: "Nikija huko, hapa nani atashika nguo?" Sasa baiskeli imekufa. Nikawa najiuliza, bila kumwambia mtu, jibu hilo litadumu hadi lini.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia, "Usihangaike, mimi na Cheche tunashughulika," nilimwombea dua kimoyomoyo. Mume wangu ni mpaka rangi. Walikubaliana bila fedha: yeye aipake rangi karakana yote ya Cheche, ndani na nje, na Cheche atutengenezee cha kuendea. Walifanya siri. Kila jioni mume wangu alirudi ana madoa ya kijani hadi masikioni, nikimuuliza anapiga mluzi.

Wakaileta Jumamosi asubuhi. Ilikuwa ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na katikati ya yale ya mbele sanduku pana lenye mfuniko, kijani kibichi kama karakana yenyewe. Mume wangu akaanza kunionyesha, utadhani anauza yeye.

"Nguo zinalala humu chini, juu ya ubao, hata mvua ikinyesha hazilowi. Mama anakaa hapa." Juu ya sanduku, mwishoni kabisa, walichomelea benchi lenye mto, limegeuzwa kumtazama mwendeshaji. "Upepo na vumbi vyote vitampiga mgongoni. Macho yake salama. Na hashiki kitu tena, mama wa watu, anapumzika tu."

Nilimkumbatia palepale uani. Mama akageukia kamba ya nguo kwa adabu. Naapa, siku hiyo sikuona kasoro yoyote. Kipya kinyemi, ndivyo wanavyosema.

Kasoro niliiona tulipotoka getini. Nilipanda, nikainua macho, na uso wa mama mkwe ulikuwa pale mbele yangu, karibu kiasi cha kuweza kumnyooshea kilemba. Amebana magoti, mikono ameiweka mapajani, haina cha kushika. Tukatazamana. Nikakohoa.

"Hewa nzuri leo," akasema.

"Ndiyo, mama."

Ikawa ndiyo hivyo. Tulipita duka la vioo, mwenyewe yuko nje anajinyoosha na kitovu kinachungulia, na hakuna kati yetu aliyesema neno. Ningekuwa na hali gani ya kumcheka mtu huku mkwe wangu ananitazama mdomoni? Nikawa natazama juu ya kichwa chake, naye anatazama kengele yangu.

Kisha tukafika mlimani. Barabara ya kwenda kliniki na nyumba za wauguzi inapanda, si mchezo, na ile ya magurudumu matatu ni nzito. Niliinama, nikakanyaga. Nikaona mama ananitazama sana. Baadaye akashusha macho kwenye mikono yake, na hakuyainua tena mpaka tulipofika nyumbani.

Nikamwambia mume wangu usiku uleule, hili benchi ligeuzwe. "Na macho ya mama?" akauliza. Ningejibu nini? Kwamba sipendi kumwona mama yake? 

Siku zilizofuata mama alizidi kuwa mkimya. Mara magoti yanamsumbua, mara nenda tu mwanangu nitabaki nikaze vifungo. Nilikwenda peke yangu na sanduku langu la kijani, nguo zimelala vizuri, mteja mmoja mmoja ananisifia chombo kipya, nami nawajibu asante huku roho inaniuma. Niliichukia ile baiskeli. Nilikuwa nasema moyoni kwamba imeninyang'anya mtu wangu, na imefanya hivyo kwa rangi nzuri.

Siku moja tumekaa mezani, mama akasafisha koo. "Nimempigia dada yako," akamwambia mume wangu. "Nitakwenda kwake Jumapili. Nguo sasa zina pa kukaa, mimi sina kazi hapa."

Mume wangu akaacha kutafuna. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akisubiri niseme kitu, maana anaujua mdomo wangu. Na mimi, mwenye mdomo huo, nilikitazama kikombe cha sukari nikasema, "Kama mama ameamua."

Nilipotoka nje niliipiga teke gurudumu, nikaumia kidole.

Kabla ya kusafiri, mama alipaswa kuchukua dawa yake ya macho kliniki. Sikumwachia nafasi ya kusingizia magoti. Nikampakia, nikaweka na nguo za wauguzi, tukaondoka kimya kama tunakwenda kusikiliza kesi. Tulipofika chini ya mlima akagonga ubavu wa sanduku.

"Nishushe hapa. Nitapanda kwa miguu."

"Kwa miguu? Mama, huu mlima?"

"Nitakwenda polepole."

"Kwa magoti hayo hayo yaliyokuwa yanakusumbua juzi?"

"Nishushe, mwanangu."

Hapo nikachemka. Nikavuta breki katikati ya njia, watu wakawa wanatupita wanatutazama, sikujali. "Mama, mimi nimekukosea nini? Niambie. Umeacha kuongea nami, umeacha kutoka nami, unaondoka, na sasa hata kupanda mlima nami hutaki. Nimekosa nini?"

Akaitazama mikono yake. "Hujanikosea," akasema. "Nimeona tu. Zamani nilikuwa nyuma yako, sikuwa naona. Nilidhani tunakwenda wote kwa furaha. Kumbe kila tukifika hapa, hivyo ndivyo unavyonitazama."

"Ninavyokutazama vipi?"

Na mama mkwe wangu, mtu mzima, mwenye heshima zake, pale barabarani, akaufanya huo uso. Akakunja pua. Akatoa meno yote ya juu na ya chini. Jicho moja akalifumba, la pili akalikodoa, mishipa ya shingo ikasimama. Nilitamani kupiga yowe kama niliyeona mwizi.

Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Akakasirika, na alikuwa na haki.

"Mama, hapana! Huo si uso wako wewe. Huo ni uso wa mlima!"

"Mlima haujakaa kwenye benchi. Niliyekaa ni mimi."

"Ndivyo ninavyopanda!"

"Watu hupanda mlima kwa miguu, mwanangu, hawapandi kwa meno."

Nitamwambia nini? Uso wangu mwenyewe sijawahi kuuona ukiwa unapanda mlima. Nani ameuona wake? Mume wangu hajawahi kupanda baiskeli nikimwendesha mimi, anaona haya. Mtu pekee niliyempakia maisha yangu yote alikuwa nyuma ya mgongo. Nikaona maneno hayatatosha. Nikamwambia, "Tulia hapohapo." Nikainama nikampandisha mpaka juu, na safari hii niliona anavyofumba macho yake asinione, jambo hilo likaniuma kuliko kile kidole cha mguu.

Mbele ya kliniki kuna kibaraza cha saruji wanapokaa wagonjwa wa foleni. Nikamkalisha pale. Nikatoa nguo zote za wauguzi, nikamtandikia shuka mapajani, nikampa. Nikafungua mfuniko nikamwonyesha. "Umeona? Sanduku tupu. Benchi tupu. Sasa nitazame."

Nikateremka mpaka chini kabisa, nikageuza, nikaanza kupanda. Nataka niseme ukweli: nilijaribu kuuweka uso sawa. Kwa hatua za mwanzo niliweza, nikawa natabasamu kama bibi harusi. Kisha mlima ukaniingia mapajani, nikasahau kila kitu, nikakanyaga tu. Katikati ya njia nikasikia mtu anacheka huko juu. Nikainua kichwa. Mama alikuwa amejishika kifua, nguo za wauguzi zinatikisika mapajani.

"Meno yote nje!" akapiga kelele. "Hata hujabeba kitu!"

"Nimebeba hewa, mama!"

"Basi hiyo hewa imekukosea sana!"

Foleni yote ikageuka kunitazama. Muuguzi akachungulia dirishani, akanionyesha kidole, akamwita mwenzake. Sikujali, na wacheke wote. Nilifika juu natweta, jasho linanitoka, na moyo wangu mweupe kabisa, nikijua mambo yamekwisha.

"Umeona?" nikamuuliza. "Kwa hiyo huendi."

Mama akaacha kucheka. Akazinyoosha zile nguo kwa kiganja, moja baada ya nyingine.

"Uso wa mlimani nimeuelewa," akasema. "Nimekosea mimi, nisamehe. Lakini siku ile mezani hapakuwa na mlima. Nilisema naondoka, nikakutazama. Uso wako ulikuwa umetulia. Ukasema, kama mama ameamua."

Ningalikuwa kwenye ile baiskeli yetu ya zamani ningaliyamwaga yote kabla hatujafika kona ya kwanza. Hapa alikuwa mbele yangu, kimo kimoja na mimi, ananisubiri. Macho yangu yakatafuta pa kukimbilia: mlango wa kliniki, viatu vyangu, gurudumu. Nikayarudisha. Nikamtazama mama mkwe wangu vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Jicho la kushoto lina ukungu kidogo, la kulia limetakata. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, nami nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naogopa.

"Mama, sitaki uende," nikasema. "Siku ile nilisema uongo kwa sababu niliona aibu. Si habari ya nguo. Nguo zina sanduku lao. Mimi sina mama. Wewe ndiye mtu ninayeongea naye. Ukienda nitabaki naongea na pasi. Kama huko kwa wifi utapona zaidi, nenda, sitakuzuia, nitakuja kukuona. Lakini kama unaondoka kwa kudhani hapa hakuna anayekutaka, mimi nakutaka. Baki. Nakuomba."

Pua ikanitoka maji mbele za watu, nikajifuta kwa kitu cha kwanza nilichokishika, kumbe ni taulo la muuguzi, na muuguzi mwenyewe yuko dirishani ananitazama.

Mama alilichukua lile taulo mkononi mwangu, akalikunja, akaliweka pembeni likafuliwe upya. Akanivuta nikakaa kando yake kwenye saruji. Kisha akatia mkono kifuani, akatoa simu, akaisogeza mbali na macho yake mapya, akabonyeza. Mama huongea na simu kwa sauti kubwa, anaamini ile safari ya kufika mji mwingine inahitaji nguvu.

"Halo, mwanangu. Usinisubiri Jumapili... Hapana, siumwi... Macho yako vizuri, nimefuata dawa sasa hivi... La, si habari ya kushika nguo. Nguo siku hizi hazinihitaji."

Nilikuwa naisikia sauti ya wifi ikilalamika, mara vigae, mara daktari jirani, mara kuuliza sasa huko unabaki kwa ajili gani. Mama akanyoosha mgongo. Akanitazama usoni, akiwa bado na simu sikioni.

"Nimeombwa," akasema.

Mtandao ulikuwa mbovu, wifi hakusikia. Ikabidi mama asimame, magoti yake na yote, aseme tena kwa sauti mpaka foleni nzima ya kliniki ikanyamaza:

"Nimesema nimeombwa! Nimeombwa nibaki!"